Jicho la Fundi na Pipa la Mbolea

Ilikuwa mwaka wa mafuriko. La, si kweli, na ni bora kulisahihisha mapema kabla halijavuruga mengine. Mwaka wa mafuriko ndio mwaka Fundi aliopaka wodi ya ghorofani pale hospitali. Pipa lilikuwa bado. Pipa lilikuja mwaka uliofuata, goti lake la kulia lilipokataa ngazi.

Goti halikukataa kwa fujo. Fundi alikanyaga kipago cha kwanza, akakanyaga cha pili, alipofika cha tatu goti likasema basi. Akateremka. Akaosha brashi zake, akazifunga kwenye gazeti moja moja kama alivyozifunga kwa miaka arobaini, akarudi nyumbani saa nne asubuhi. Mkewe alikuwa uwani anafua.

"Umesahau nini?" mkewe akauliza.

"Sijasahau kitu. Nimestaafu."

"Tangu lini?"

"Tangu kipago cha tatu."

Mkewe akamtazama goti, akamtazama uso, akakamua shuka. "Haya," akasema. "Shika upande ule tukamue."

Huyu alikuwa fundi wa kupaka rangi, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu, ingawa mtaa ulikuwa na mafundi wa kila namna na baadhi yao walikuwa na vyeti. Yeye hakuwa na cheti. Alikuwa na jicho. Ukimwonyesha kipande cha ukuta wa nyumba ya jana na cha nyumba ya mwaka juzi, alikuambia kipi kina tone la nyeusi ndani yake. Watu wakigombana kama kiti ni cha kahawia au cha zambarau walimsubiri apite, naye akipita akasema neno moja, ugomvi ulikwisha hapo hapo, hata kama aliyeshindwa ndiye mwenye kiti. Sindano, fundi cherehani wa chumba cha tatu, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya ulimi wake na wala si kwa ajili ya kazi yake, alikuwa akimpelekea nyuzi amtengee nyeusi na bluu nzito. Siku za karibuni aliacha kumpelekea. Fundi aliona ni vizuri tu. Alidhani amejifunza.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita vilivyozunguka ua wa saruji, wenye bomba moja na kamba mbili za kuanikia. Wanawake wa nyumba walikuwa wamepanda mboga ndani ya makopo ya lita ishirini ya rangi, ambayo Fundi alikuwa akiyarudisha nyumbani kila akimaliza kazi na kuyatoboa chini kwa msumari. Mlikuwa na nyanya, pilipili, mchicha na spinachi. Udongo ulikuwa wa kuokoteza kwenye viwanja vya ujenzi, nusu yake mchanga, na mboga zilikua kwa shingo upande, kama mtu aliyelazimishwa kwenda harusini.

Fundi alikaa bure siku nane. Siku ya tisa alitoka akarudi anabingirisha pipa la plastiki la lita mia mbili, la kijivu, alilopewa na watu wa kiwanda cha dobi.

"Hilo la nini?" mkewe akauliza.

"La chakula."

"Cha nani?"

Fundi akaonyesha makopo kwa kidevu.

Kwanza aliliosha mara kumi na moja, maana lilikuwa la sabuni ya maji, na sabuni na mmea haviivi chungu kimoja. Kisha akachukua gunia la katani, akalijaza samadi ya mbuzi mpaka nusu, akalifunga mdomo kwa kamba na kulitundika kwenye mti uliolala juu ya pipa, likaning'inia ndani ya maji kama mfuko wa majani ya chai kwenye kikombe cha jitu. Pembeni ya gunia akatupia magugu mabichi aliyong'oa kando ya reli, yale laini ambayo hayajatoa mbegu, pamoja na majani ya maboga na matawi teketeke ya alizeti mwitu. Maji ya mvua aliyatia moja kwa moja. Ya bomba aliyaacha kwanza siku mbili kwenye ndoo wazi, yapumzike, dawa yake ya kusafishia iishe. Mfuniko aliuweka bila kuukaza, kwa sababu kitu kinachovunda kinapumua, na yeye alishawahi kuona kopo la rangi lililozibwa pumzi likipanda mpaka darini.

Ndani ya ndoo kubwa, mbali kidogo, aliloweka maganda ya ndizi na majivu ya kuni yaliyochekechwa. Pipa lilikuwa la majani, ndoo ilikuwa ya matunda. Hakuruhusu mtu kuchanganya.

Kila asubuhi na kila jioni alikoroga kwa mti, mara ishirini mkono wa kulia, mara ishirini wa kushoto, kama alivyokoroga rangi maisha yake yote. Siku ya kwanza harufu haikuwa mbaya. Siku ya pili ilianza kuwa na mawazo yake. Siku ya nne Sindano alitoka chumbani na sentimita yake ya kupimia nguo shingoni, akasimama mbele ya pipa.

"Shemeji," akasema, "kuna mtu amefia humo?"

"Bado."

"Mimi nashona gauni jeupe la watu. Likinuka hivi nitasema nini?"

"Waambie limerutubishwa."

Siku ya kumi na tano povu lilikoma kupanda, maana yake kazi ya ndani imekwisha. Fundi akayachuja maji yale kwa foronya. Foronya ilikuwa ya mkewe, ya seti, na mpaka leo seti ile ina foronya moja. Kilichotoka kilikuwa cheusi kizito, na mtu akikimimina hivyo hivyo juu ya mche, mche unaungua kama umemwagiwa uji wa moto. Lazima kizimuliwe kwa maji. Na hapo kwenye kuzimua ndipo nyumba ilipogawanyika.

Mkewe alikuwa mpishi wa bweni la shule kwa miaka ishirini na sita, na maisha yake yote aliyapima kwa kopo. Alisema ni kopo moja la dawa kwa makopo kumi ya maji, na kwa miche michanga kopo moja kwa ishirini, basi, hakuna hadithi.

Fundi alisema kopo halina macho. Gunia la leo si gunia la jana. Mbuzi wa wiki hii amekula hiki, wa wiki ile amekula kile. Dawa moja inatoka nzito, nyingine inatoka nyepesi. Ukipima kwa kopo unajidanganya kwa nidhamu. Yeye alichota ndoo, akatia maji, akachovya bilauri ya chai, akainyanyua juu ielekee mbinguni, akafumba jicho la kushoto na kutazama kwa la kulia. "Bado," akasema, akaongeza maji. Akatazama tena. "Bado." Akaongeza. "Sasa." Kwa miche michanga alitaka rangi ya nyasi kavu. Kwa mboga za majani, chai nyepesi. Kwa nyanya zilizoanza kutoa maua, chai iliyosahauliwa jikoni.

Mwaka wa kwanza hakuna aliyeendelea kumbishia. Spinachi zilitoa majani ambayo Mlinzi wa chumba cha tano, aliyekuwa akilinda lango la hospitali na kulinda pia heshima yake mwenyewe, alisema angeweza kujikinga mvua nayo. Nyanya zililemea miti. Sindano alijaza beseni, akasema harufu si mbaya ukiizoea, na kwamba hata mume ni hivyo hivyo.

Mlinzi alikuwa akileta habari za hospitali kila akitoka zamu. Ndiye aliyesema kwamba wagonjwa wameipa jina wodi ile ya ghorofani aliyoipaka Fundi: wanaiita Mbinguni. Kuna wengine, alisema, wakiambiwa wanapelekwa kule wanaomba wabaki kwenye korido.

"Ni kwa sababu ya ngazi," Fundi akasema. "Ni juu sana kwa mtu mgonjwa."

"Eh," Mlinzi akasema, akatazama kiatu chake. "Ni ngazi."

Mwaka wa pili mboga zilikuwa za wastani. Mwaka wa tatu zilianza kupauka. Spinachi ikawa nyembamba, mchicha ukasimama na majani manne ukatafakari, nyanya zikatoa maua na kuyaangusha. Fundi alizitazama kila asubuhi, kwake zilionekana za kawaida, labda zimechoka kidogo. Wanawake ndio waliosema. Kukawa na mashitaka: udongo umezeeka, jua limezidi, kuna mtu anamwaga maji ya sabuni. Fundi mwenyewe aliwashuku mbuzi.

"Mbuzi wa siku hizi wanakula mifuko ya plastiki," alisema. "Unategemea nini?"

"Baba watoto," mkewe akasema, "dawa yako ni maji matupu."

"Nimeitazama kwenye bilauri."

"Na mimi nimeitazama. Naona vidole vyako upande wa pili."

"Wewe ni mpishi."

Ilikuwa kauli mbaya, na Fundi aliijua kuwa mbaya ikiwa bado mdomoni, ila ilishatangulia. Mkewe akaenda ndani. Akarudi na kopo, lile lile la bweni lenye mpini uliounganishwa kwa waya, akaliweka juu ya mfuniko wa pipa, ko!

"Tushindane," akasema. "Makopo sita ya spinachi. Udongo mmoja, siku moja, pipa moja. Matatu utanywesha wewe kwa jicho, matatu nitanywesha mimi kwa kopo. Wiki tatu. Ukinishinda, neno kopo hutalisikia tena nyumbani humu mpaka tunazikwa. Nikikushinda, bilauri inarudi kabatini na anayezimua ni mimi."

Majirani walikuwa wametoka milangoni kwa visingizio mbalimbali. Sindano alikuja na mkasi. Mlinzi, kwa kuwa alikuwa na sare, akawa mwamuzi.

Fundi alikubali mara moja, na usiku akahesabu yaliyomtoka. Goti lilikwenda, akalisamehe. Goti ni goti. Ngazi ilikwenda, akampa kijana wa mtaa wa pili. Kilichobaki kilikuwa jicho. Likishindwa na kopo lenye mpini wa waya, yeye angekuwa mzee tu anayenuka samadi.

Kwa hiyo alinywesha kwa makini kuliko alivyopaka nyumba yoyote. Kila baada ya siku nne alichota, akazimua, akanyanyua bilauri kwenye mwanga wa saa tatu, wakati ambao jua si jeupe sana wala si jekundu. Kila mara dawa ilionekana nzito mno. Akaongeza maji. Bado nzito. Akaongeza. Alikuwa na subira, hakutaka kuunguza mizizi kwa papara. Upande wa pili mkewe alihesabu kwa sauti kama anayegawa uji: "Moja... mbili... tatu..." mpaka kumi, akakoroga, akamimina kwenye shina bila kulowesha majani, akaondoka. Hakutazama hata mara moja. Ndicho kilichomuudhi Fundi zaidi.

Siku ya hukumu ilikuwa Jumamosi, saa nne. Makopo sita yalipangwa juu ya benchi, matatu kulia, matatu kushoto. Ya mkewe yalikuwa yamefungwa kitambaa, lakini Sindano alivifungua vile vitambaa na kuviweka mfukoni, ili asiwepo wa kusema kuna upendeleo. Mlinzi akavaa kofia.

"Kabla sijatoa hukumu," Mlinzi akasema, "Fundi mwenyewe aseme. Jicho si ni lake? Atuambie upande upi umekolea."

Fundi akasogea. Akainama kulia, akatazama majani, akageuza moja kwa kidole, akatazama chini yake. Akaenda kushoto, akafanya vile vile. Akarudi kulia. Alifumba jicho la kushoto. Akalifumbua, akafumba la kulia. Kisha akanyooka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefarijika kwelikweli.

"Zote sawa," akasema. "Sasa tulikuwa tunagombea nini?"

Upande wa kulia spinachi zilikuwa za kijani kibichi kama chupa. Upande wa kushoto zilikuwa zimepauka na kuwa kama gazeti lililokaa dirishani. Mtu angeweza kuona tofauti ile akiwa juu ya paa la nyumba ya pili. Mlinzi alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba hukumu imeandikwa humo.

"Semeni basi," Fundi akasema.

Mkewe alikuwa ameshinda, na ushindi ulimkaa vibaya, kama kiatu cha mtu mwingine. Akaenda akamshika kiwiko. "Baba watoto," akasema taratibu, "njoo ukae kidogo."

Fundi hakukaa. Aliwatazama mmoja mmoja, na kwa kuwa hakuwa mjinga, akafika mwenyewe. Akamgeukia Sindano.

"Dada, zile nyuzi. Uliacha kuniletea tangu lini?"

Sindano alivitoa vile vitambaa mfukoni, akavikunja. "Tangu ile suruali ya mwalimu, shemeji."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa suruali nyeusi. Ikashonwa bluu."

"Mwalimu alisema nini?"

"Aliivaa. Alidhani ni mtindo."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akaichukua bilauri kutoka juu ya pipa, akaikausha kwa shati, akaipeleka kabatini mwenyewe. Alipotoka alisema jambo moja tu: "Kopo moja la upande wangu msilinyweshe dawa, ni maji tu. Mliache vile vile. Nataka siku moja nilione."

Daktari wa macho alikuwa binti mwembamba mwenye miwani minene, jambo lililompa Fundi wasiwasi kidogo. Alimmulika, akamwambia atazame juu, atazame chini, akaandika.

"Mzee, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

"Ana umri gani?" mkewe akauliza.

Daktari alitaka kucheka, akaona mama hana utani. "Si chini ya miaka mitano. Labda sita. Huwa anakuja polepole, mwenyewe hajui. Ni kama mtu anayetazama dunia kupitia bilauri ya chai."

Fundi akashtuka kwa ile bilauri. "Kwa hiyo kila kitu ninakiona kimekolea kuliko kilivyo."

"Ndiyo, mzee. Kina rangi ya kahawia, kina giza. Na rangi inayotangulia kupotea ni bluu."

Fundi akahesabu kwa vidole vilivyolala juu ya goti, na mkewe akaviona vikihesabu. Pipa, miaka mitatu. Wodi, mwaka kabla ya pipa. Vidole vikasimama.

"Daktari," akasema, "sisi wapaka rangi tuna desturi yetu. Nyeupe ikiwa tupu, ikikauka inaonekana kama imeugua. Kwa hiyo kwenye ndoo unatia tone la bluu, moja, mbili, ikoroge, nyeupe inang'aa. Sasa, mtu akiwa na mtoto huyu, akatia tone, akatazama, akaona bado ni ya njano njano. Akaongeza."

"Mambo ya rangi siyajui, mzee."

"Atajua saa ngapi kwamba inatosha?"

Daktari akakifunga kitabu chake. "Hatajua," akasema.

Njiani Fundi alikuwa anaikumbuka siku ile ya wodi. Alikumbuka jinsi nyeupe ilivyomkatalia, jinsi alivyowalaani watengenezaji wa ile rangi kwamba siku hizi wanatia unga. Alikumbuka kwamba alimaliza kopo dogo lote la bluu, akaagiza jingine. Alikumbuka pia kwamba Muuguzi Mkuu alipopanda kuiona kazi, alisimama mlangoni muda mrefu, akasema, "Fundi, pole na kazi." Wakati ule aliona ni adabu.

Alipasuliwa jicho la kulia kwanza. Akalala nyumbani na kitambaa usoni, na siku zile nyumba ilikuwa tulivu kupita kawaida. Mkewe alitoka asubuhi akarudi alasiri. Cherehani ya Sindano haikusikika. Fundi aliuliza watu wamekwenda wapi, akajibiwa kuna shughuli. Aliuliza shughuli gani, akaletewa chai.

Kitambaa kilipotoka alikwenda moja kwa moja uwani. Akasimama.

"Nani amebadilisha pipa?"

"Hakuna aliyelibadilisha," mkewe akasema.

"Hili ni la bluu."

"Limekuwa la bluu tangu ulipolileta."

Akalizunguka lote, polepole, akiligusa. Ilikuwa bluu ambayo alikuwa ameisahau kama jina la mtu wa zamani. Kisha akaenda kwenye lile kopo la spinachi alilosema liachwe. Alilitazama kwa jicho jipya, halafu akalifumba jicho jipya na kulitazama kwa la zamani, halafu tena kwa jipya. Akafanya hivyo mara kadhaa.

"Kwa hiyo," akasema, "miaka miwili nimekuwa nazinywesha maji ya kusuuzia vijiko."

"Yalikuwa na samadi kidogo," mkewe akasema, kwa kumpoza.

Siku ya kurudi kwa daktari kuonyesha jicho, Fundi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alishika reli ya ngazi, akalibembeleza goti, akapanda mpaka ghorofani. Alisimama pale pale aliposimama Muuguzi Mkuu mwaka wa mafuriko.

Wodi ilikuwa nyeupe. Nyeupe pe, kama karatasi. Fundi akavuta pumzi, na pua yake, ambayo haikuhitaji daktari, ikamwambia: rangi ya maji, ya siku nne au tano. Akasogea. Mistari ya rola ilikwenda kila upande, kama njia ya konokono, na pembeni mwa dirisha rangi ilikuwa imeingia kwenye kioo. Akatia ukucha kwenye kona, mahali ambapo wapaka rangi wote duniani huwa wanadanganya, ili aone tabaka la chini. Hakukuwa na tabaka la chini. Kulikuwa na lipu. Mtu alikuwa amekwangua wodi nzima kwa msasa mpaka saruji, hata kwenye kona, kabla ya kuipaka upya.

Muuguzi Mkuu akatokea. "Aa, Fundi! Jicho linaendeleaje?"

"Linaona. Nani amepaka hapa?"

"Wasamaria wema. Usisimame sana, goti hilo."

"Kabla ya hii nyeupe, yangu ilikuwa rangi gani?"

"Ngoja nikuletee kiti," Muuguzi Mkuu akasema, akaenda kuleta kiti, na hakurudi nacho.

Langoni alimkuta Mlinzi. Alimuuliza hilo hilo. Mlinzi alimumunya maneno mawili matatu juu ya zamu na magari, na wakati anamumunya, Fundi aliona kwenye kiatu chake cheusi matone matano ya rangi nyeupe. Alifika nyumbani, akamuuliza Sindano. Sindano alijaza pini mdomoni, akaonyesha kwa mkono kwamba hawezi kuongea. Kwenye nywele zake, juu ya sikio, palikuwa na nyeupe iliyokauka. Fundi akaingia ndani, akavuta sanduku lake la kazi kutoka uvunguni. Brashi zilikuwa zimefungwa kwenye gazeti, moja moja, vizuri kabisa. Gazeti lilikuwa la wiki ile. Manyoya ya brashi hayakuoshwa vizuri shinani, kama ilivyo kawaida ya watu wasioijua kazi. Akazifungua zote. Akazipeleka bombani, akaziosha upya, taratibu, mpaka maji yakatoka safi.

Mkewe alikuwa pale pale uwani kwenye pipa, anazimua dawa ya nyanya, na juu ya kifundo cha mkono wake palikuwa na alama nyeupe ambayo sabuni haikuitoa.

"Mama watoto," Fundi akasema.

"Moja," mkewe akahesabu. "Mbili."

"Ile wodi. Mwaka wa mafuriko. Niliipaka rangi gani?"

"Tatu. Nne. Ulipaka vizuri. Tano."

"Sikuuliza vizuri. Nimeuliza rangi."

"Ilikuwa safi," mkewe akasema. "Sita. Saba. Nane." Hakumwaga hata tone. "Tisa."

Fundi akakaa juu ya kopo tupu, brashi mapajani zikidondosha maji, akamsubiri afike kumi. Alifika kumi, akakoroga, akabeba ndoo kwenda kwenye nyanya. Alimuuliza siku ile, akamuuliza jicho la pili lilipopasuliwa, na hata sasa, nyanya zikiwa zimelemea miti tena na kopo likining'inia kwenye msumari wake, bado humuuliza mtu yeyote wa nyumba ile anayepita karibu na pipa.

"Safi ni rangi gani?"